Ventforet Kofu: Klabu ndogo ya Japani iliyokataa kufa, ikabeba kombe mbele ya vigogo

Ukitaja soka la Japani, wengi watakutajia Kashima Antlers, Urawa Reds au Yokohama F. Marinos. Ni sawa, hao ndio wenye makombe na hela. Lakini ipo klabu moja ya mkoani, katikati ya milima, ambayo mwaka 2001 ilikuwa karibu kufungwa kwa madeni. Miaka 21 baadaye klabu hiyohiyo ilinyanyua Kombe la Mfalme ikiwa daraja la pili.

Jina lake ni Ventforet Kofu. Haina bilionea, wala haikuzaliwa na kiwanda kikubwa. Hii hapa historia yake tangu mwanzo.

Kofu ni wapi?

Kofu ni makao makuu ya mkoa wa Yamanashi, kiasi cha kilomita 100 magharibi mwa Tokyo. Ukipanda treni ya haraka kutoka stesheni ya Shinjuku unafika kwa saa moja na nusu hivi. Mji upo kwenye bonde lililozungukwa na milima pande zote, na upande wa kusini unaona kilele cha Mlima Fuji. Mkoa hauna bahari. Watu wake wanajulikana kwa zabibu, pichi na mvinyo.

Mkoa mzima una watu kama laki nane, na mji wa Kofu haufiki laki mbili. Kwa Japani hiyo ni idadi ndogo sana. Soko ni dogo, makampuni makubwa ni machache, na Tokyo iko jirani ikivuta vijana kila mwaka.

Hata kwenye mpira ilikuwa hivyo. Hidetoshi Nakata, mmoja wa wachezaji maarufu zaidi kuwahi kutoka Japani, ni mtoto wa Kofu. Alipomaliza sekondari mwaka 1995 alikwenda kuanza soka la kulipwa Bellmare Hiratsuka, kwa sababu nyumbani kwao hakukuwa na klabu ya ligi kuu.

Ilianzaje?

Klabu ilianzishwa mwaka 1965 kwa jina la Kofu Club. Mzizi wake ni wanafunzi waliomaliza katika sekondari ya Kofu Daiichi ambao hawakutaka kuacha mpira.

Hapa kuna jambo la kuelewa. Enzi hizo soka la juu la Japani lilikuwa mali ya makampuni. Timu ya Urawa ya leo ilikuwa timu ya Mitsubishi, JEF United ilikuwa ya Furukawa, Yokohama F. Marinos ilikuwa ya Nissan. Wachezaji walikuwa waajiriwa, mshahara unatoka kazini na jioni wanakwenda mazoezini. Kampuni ndiyo iliyolipa kila kitu.

Kofu Club haikuwa na kampuni ya namna hiyo. Ilikuwa klabu ya watu wa mji. Ligi ya Japani ilipoanzisha daraja la pili mwaka 1972, Kofu Club iliingia, ikabaki huko miaka mingi bila kupanda wala kupotea.

Mwaka 1993 ikaja J.League, ligi ya kulipwa, ikianza na klabu 10. Kofu haikuwemo. Iliendelea kucheza daraja la chini yake, huku ikijipanga.

Jina la ajabu limetoka wapi?

Mwaka 1995 klabu ilibadili jina na kuwa Ventforet Kofu. Neno hilo limeungwa kutoka maneno mawili ya Kifaransa: "vent" maana yake upepo, na "forêt" maana yake msitu.

Kwa nini upepo na msitu? Kofu ndiyo ilikuwa ngome ya Takeda Shingen, mbabe wa vita aliyeishi kati ya mwaka 1521 na 1573. Bendera yake ya vita ilibeba maneno yanayotokana na kitabu cha kale cha Kichina cha mbinu za vita: uwe mwepesi kama upepo, mtulivu kama msitu, mkali kama moto, usitikisike kama mlima. Klabu ikachukua mawili ya kwanza.

1999 hadi 2001: miaka ya aibu

Mwaka 1999 J.League iligawanywa madaraja mawili, J1 na J2. Ventforet ikapata nafasi kati ya klabu 10 za kwanza za J2. Mji ukashangilia. Sasa Kofu nayo ina timu ya kulipwa.

Furaha haikudumu. Msimu wa 1999 walimaliza wa mwisho. Msimu wa 2000 wakamaliza wa mwisho tena, na safari hii walipoteza mechi 19 mfululizo. Ndiyo, kumi na tisa. Msimu wa 2001, wa mwisho kwa mara ya tatu.

Uwanjani hapakuwa na watu. Mwaka 2000 wastani wa watazamaji kwa mechi haukufika 2,000. Tiketi haziuzwi, wadhamini wanakimbia, madeni yanapanda. Mwisho wa mwaka 2000 madeni yalikuwa yamezidi mali zote za klabu. Klabu ikawa inasubiri kuzikwa.

Wanahisa wakubwa walikuwa serikali ya mkoa, halmashauri za mji wa Kofu na mji wa Nirasaki, na kundi la makampuni ya gazeti la Yamanashi Nichinichi. Hawakufunga siku hiyohiyo. Walitoa masharti ya msimu wa 2001:

- Wastani wa watazamaji 3,000 kwa mechi.
- Wanachama mashabiki 5,000.
- Mapato ya matangazo yeni milioni 50.

Wakishindwa, klabu inafungwa.

Mzee Umino na matangazo ya kwenye machela

Mtu aliyepewa mzigo huo ni Kazuyuki Umino. Alitoka katika kundi lile la makampuni ya gazeti na hakuwa mtu wa mpira. Alichokijua ni biashara, na kuwajua watu wa mkoa wake.

Umino alielewa kwamba hakuna tajiri mmoja atakayekuja kuiokoa Ventforet. Basi akageuza hesabu. Badala ya kutafuta mdhamini mmoja wa hela nyingi, akatafuta wadogo wengi. Maduka ya mtaani, mafundi, kampuni ndogo za familia, kila mmoja atoe kiasi anachoweza.

Palipobaki nafasi tupu uwanjani pakauzwa kwa tangazo. Mabango yakazunguka uwanja. Maarufu zaidi ni machela ya kubebea majeruhi. Umino aliuza tangazo hata hapo! Mchezaji akiumia, kila jicho linatazama machela, na jina la biashara ya mtu linaonekana. Watu walicheka, lakini hela iliingia.

Asiye na hela alikaribishwa kutoa huduma. Mmoja anafua nguo za mazoezi, mwingine anatoa chakula kwa wachezaji, mwingine anawaruhusu waoge kwake baada ya mazoezi. Klabu haikuwa na uwanja wake wa mazoezi wala jengo la maana, hivyo vitu kama hivyo vilikuwa msaada mkubwa. Kila huduma ni gharama moja iliyopungua kwenye daftari.

Kifuani mwa jezi likakaa jina la Hakubaku, kampuni ya nafaka na tambi ya hapohapo Yamanashi. Si jina kubwa duniani, ila ni jina linalopatikana jikoni kwa watu wa mkoa.

Na wachezaji nao wakatolewa nje. Walipelekwa mashuleni na kwenye sherehe za mitaa, wakasalimiana na watu. Wazo lilikuwa rahisi: mtu akimjua mchezaji kwa jina, atakwenda kumwangalia akicheza hata kama timu inafungwa.

Matokeo? Timu ilimaliza mkiani mwaka 2001, lakini watazamaji walivuka wastani wa 3,000, na masharti ya wanahisa yakatimia. Klabu ilikuwa ya mwisho kwenye msimamo, na bado mji ulikubali kuibeba. Hapo ndipo Ventforet ilipopona.

2005: usiku wa mabao sita

Baada ya kupona, timu ikaanza kupanda polepole. Mwaka 2002 kocha Takeshi Oki aliitoa mkiani hadi nafasi ya 7. Aliondoka, akarudi mwaka 2005, na msimu huo Ventforet ikamaliza ya 3.

Nafasi ya 3 ilimaanisha mechi mbili za mchujo dhidi ya timu iliyoshika nafasi ya 16 J1, yaani Kashiwa Reysol. Hao wametoka kwenye kampuni kubwa ya Hitachi, na wamewahi kucheza na kushinda mambo makubwa.

Mechi ya kwanza, Desemba 7, ilichezwa Kofu. Ventforet ilishinda 2-1, katika usiku ambao taa za uwanja zilizimika dakika za mwisho na mechi ikabidi isimame. Wengi waliona bao moja la ziada halitatosha ugenini.

Desemba 10 wakaenda Kashiwa. Mshambuliaji Mbrazili wa Kofu, Baré, alifunga bao la kwanza. Akafunga la pili. Hakuacha mpaka yakafika sita, yote yake. Mechi iliisha 6-2, jumla 8-3, na klabu iliyokuwa imekaribia kufungwa miaka minne nyuma ikaingia J1.

Msimu wa kwanza wa J1, mwaka 2006, walimaliza nafasi ya 15 na kubaki. Wastani wa watazamaji ulizidi 12,000. Hebu linganisha na wale wasiofika 2,000 wa mwaka 2000.

Panda, shuka, panda

Usidhani mambo yalinyooka kuanzia hapo. Klabu ndogo haiishi hivyo. Huu ndio mtiririko wake:

- 2007: Walishuka daraja.
- 2010: Walimaliza wa pili J2, wakapanda. Mike Havenaar alikuwa mfungaji bora wa J2.
- 2011: Walishuka tena, ingawa Havenaar alifunga mabao 17 J1 na kuitwa timu ya taifa. Baada ya msimu akauzwa Vitesse ya Uholanzi.
- 2012: Walichukua ubingwa wa J2 chini ya kocha Hiroshi Jofuku, wakicheza mechi 24 mfululizo bila kupoteza. Mbrazili Davi alifunga mabao 32.
- 2013 hadi 2017: Miaka mitano mfululizo J1, muda mrefu kuliko wote katika historia yao.
- 2017: Walishinda mechi ya mwisho ya msimu lakini wapinzani wao nao walishinda, wakashuka.

Katika miaka hiyo mitano J1 hawakuwahi kumaliza juu ya nafasi ya 13. Kila msimu ulikuwa vita ya kubaki. Mchezaji aking'ara, klabu kubwa inakuja na hela na kumchukua. Junya Ito, winga wa timu ya taifa ya Japani aliyekuja kucheza Genk ya Ubelgiji na Reims ya Ufaransa, alianza soka la kulipwa Kofu mwaka 2015. Msimu mmoja tu, Kashiwa wakamchukua. Beki Sho Sasaki alikaa kuanzia 2012 hadi 2014, kisha akaenda Sanfrecce Hiroshima. Kumbuka jina la timu hiyo, tutairudia.

Ndiyo maisha ya klabu ya namna hii: unalea, unauza, unaanza upya. Lakini yupo mmoja aliyebaki. Beki Hideomi Yamamoto alijiunga mwaka 2003, akapanda na kushuka na timu mara zote hizo, na hakuondoka.

2022: kombe

Kombe la Mfalme ndilo shindano kongwe la soka Japani, lilianza mwaka 1921. Klabu za madaraja yote huingia, hata za vyuo vikuu. Kwa kawaida anayelibeba ni mkubwa.

Msimu wa 2022 Ventforet ilikuwa na hali mbaya kwenye ligi. Ilimaliza nafasi ya 18 kati ya timu 22 za J2. Lakini kwenye kombe, chini ya kocha Tatsuma Yoshida, ilikuwa timu nyingine kabisa. Iliwatoa Consadole Sapporo, Sagan Tosu, Avispa Fukuoka, kisha nusu fainali ikawatoa Kashima Antlers kwa 1-0. Wote hao ni J1.

Fainali ilikuwa Oktoba 16, 2022, uwanja wa Nissan mjini Yokohama, mbele ya watu karibu 38,000. Mpinzani: Sanfrecce Hiroshima, moja ya timu bora za J1 msimu huo.

Dakika ya 26 Kazushi Mitsuhira akaifungia Kofu. Wakalinda bao lao kwa jasho hadi dakika ya 84, Takumu Kawamura aliposawazisha. Mechi ikaenda muda wa nyongeza.

Hapo akaingizwa mzee Yamamoto, umri miaka 42. Na kisa kikaanza. Zikiwa zimebaki dakika chache, mpira ukamgonga mkononi ndani ya eneo la hatari. Penalti kwa Hiroshima. Miaka 20 ya utumishi ingeweza kuishia pale, kwa kosa la mkono.

Kipa Kohei Kawata akaipangua.

Matokeo yakabaki 1-1, wakaenda kwenye mikwaju ya penalti. Kawata akaokoa mmoja tena. Mkwaju wa tano wa Kofu, ule wa kumaliza kazi, ukaachiwa Yamamoto. Akaweka mpira, akapiga, wavu ukatikisika. Kofu 5, Hiroshima 4.

Ilikuwa mara ya pili tu kwa timu ya J2 kubeba kombe hilo, baada ya FC Tokyo katika kombe la 2011. Tofauti ni kwamba FC Tokyo walikuwa mabingwa wa J2 na wanapanda daraja. Kofu walikuwa wa 18. Zawadi ya bingwa ni yeni milioni 150, mara tatu ya lengo la matangazo lililoamua uhai wa klabu mwaka 2001. Kocha Yoshida aliondoka baada ya msimu, kwa sababu ya matokeo ya ligi.

Bara la Asia, uwanja wa kuazima

Bingwa wa Kombe la Mfalme huenda Ligi ya Mabingwa Asia. Basi klabu ya daraja la pili ikapata tiketi ya kucheza na mabingwa wa nchi nyingine.

Tatizo likawa uwanja. Uwanja wa nyumbani wa Kofu unachukua watu kama 16,000 na haukutimiza vigezo vya shirikisho la Asia, hasa vya viti. Ikabidi mechi za nyumbani zihamie Uwanja wa Taifa mjini Tokyo, ule wa Olimpiki. Klabu ndogo, uwanja mkubwa, kodi kubwa, na katikati ya wiki. Mashabiki wa Kofu peke yao wasingeujaza hata robo.

Klabu ikaomba msaada kwa wapenda soka wote. Na watu wakaja. Mashabiki wa timu nyingine za Japani walifika wakiwa wamevaa jezi za timu zao wenyewe, wakaishangilia Kofu. Mechi ya kwanza nyumbani, dhidi ya Buriram United ya Thailand, ilipata watu zaidi ya 11,000. Ile ya Melbourne City ikavuka 15,000.

Uwanjani kulikuwa pia na damu ya Afrika: mshambuliaji Mnigeria Peter Utaka, akiwa amevuka miaka 39, alikuwa amerudi Kofu msimu huo baada ya kuichezea mwaka 2019.

Matokeo ya kundi, msimu wa 2023/24:

- Melbourne City (Australia): sare 0-0 ugenini, sare 3-3 nyumbani.
- Buriram United (Thailand): ushindi 1-0 nyumbani, ushindi 3-2 ugenini.
- Zhejiang (China): kipigo 0-2 ugenini, ushindi 4-1 nyumbani.

Pointi 11, vinara wa kundi. Hatua ya 16 bora walikutana na Ulsan ya Korea Kusini, wakafungwa 3-0 ugenini na 2-1 Tokyo. Safari ikaishia hapo, Februari 2024.

Baada ya hapo

Ligi haikuwasubiri. Mwaka 2023 walikosa nafasi ya mchujo wa kupanda siku ya mwisho, wakamaliza wa 8. Mwaka 2024 wakawa wa 14. Kwa ufupi, kombe halikuwageuza kuwa matajiri. Bajeti bado ni ndogo, mchezaji mzuri bado anaondoka, na soko bado ni la watu laki nane.

Lakini tazama kilichotokea mara mbili. Mwaka 2001 klabu ilikosa hela, ikabisha hodi kwenye maduka ya mtaani. Mwaka 2023 ilikosa uwanja na watazamaji, ikabisha hodi kwa mashabiki wa timu pinzani. Mara zote mbili watu walifungua mlango. Haba na haba hujaza kibaba, na kwa Ventforet Kofu kibaba hicho kimeiweka hai tangu wanafunzi wa zamani wa sekondari moja waamue, mwaka 1965, kuendelea kucheza mpira.